Bethlehem ya Pennsylvania: mji wa watu wa sala ulifikaje kutengeneza mizinga?

mpenda_ramani

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua naomba mnaoijua historia ya Marekani mnieleweshe. Nilikuwa napekua ramani ya Pennsylvania nikaona majina yamefuatana, Nazareth, Bethlehem, Emmaus, nikaanza kusoma, nikakuta Bethlehem ilianzishwa 1741 na Wamoravian, watu waliokuwa hawataki kabisa kushika silaha, mali zao za pamoja, wanaimba asubuhi na jioni. Sasa soma habari za mji huohuo miaka 150 mbele, unakutana na kiwanda cha Bethlehem kinachomimina mizinga na mabamba ya deraya ya meli za kivita, na baadaye Bethlehem Steel inakuwa kampuni ya pili kwa ukubwa katika chuma Marekani nzima. Jina lilelile na mto uleule.

Hapo katikati palitokea nini? Ni dini ndo ilizaa kiwanda, yaani ile nidhamu yao ya kazi, au walikuja watu wengine kabisa wakakuta jina wakalichukua? Na waliokuwa wanafanya kazi kwenye yale matanuru ni kina nani? Nimesoma vipande vipande na kila mwandishi anavutia kwake, nataka niipate hadithi nzima.

Bi Msomaji

Swali zuri sana mkuu. Naanzia mbali kidogo vumilia.

Hawa Wamoravian ni wafuasi wa mafundisho ya Jan Hus, padri wa Bohemia (sehemu ya Cheki ya leo) aliyechomwa moto 1415. Kanisa lao liliundwa 1457, likaja kusambaratishwa baada ya Waprotestanti wa Bohemia kushindwa vita 1620, waliobaki wakawa wanasali kwa kujificha kizazi baada ya kizazi, mpaka 1722 kikundi kikavuka mpaka kuingia Saxony ya Ujerumani, wakapewa hifadhi kwenye shamba la bwana mmoja kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Kutoka kijiji kile kidogo ndo wakaanza kutuma wamisionari duniani kuanzia 1732.

Marekani walifikia kwanza Georgia, 1735. Huko wakabanwa wachukue silaha kuwapiga Wahispania, wakakataa, wakahamia Pennsylvania 1740. Mwaka uliofuata wakanunua ekari 500 pale kijito cha Monocacy kinapoingia mto Lehigh. Mkesha wa Krismasi 1741 wako kwenye nyumba ya magogo, watu upande mmoja mifugo upande wa pili, Zinzendorf mwenyewe amekuja kuwatembelea, wakasogea upande wa wanyama huku wanaimba wimbo unaoitaja Bethlehem, na jina la mji likapatikana usiku huohuo.

Sasa watu wengi wanafikiri viwanda vilikuja na chuma. Hapana jamani. Mle ndani kabla ya mwaka 1750 walikuwa tayari na fani zaidi ya 30, wahunzi, wafinyanzi, watengeneza ngozi, wafumaji, wasaga nafaka, wapaka rangi nguo, wote wamepangwa pembeni ya kile kijito kwa sababu ndicho kilichozungusha magurudumu. Kinachonifurahisha mimi kuliko vyote ni maji. Chemchemi ipo chini bondeni, nyumba zipo juu mlimani, akina mama na vijana wanapandisha ndoo kila siku. Fundi wao wa vinu, Hans Christopher Christensen, akatumia gurudumu linalosukumwa na kijito kuendesha pampu, pampu ikasukuma maji kwenye mabomba ya magogo yaliyotobolewa katikati, yakapanda zaidi ya mita 20 mpaka kwenye mnara, halafu yakateremka yenyewe mpaka majikoni. Alianza 1755, na 1762 wakajenga jengo jipya la mawe lenye pampu tatu za chuma, jengo hilo lipo mpaka leo. Hakuna mji mwingine kwenye makoloni yale ya Waingereza uliokuwa umetangulia kusambaza maji kwa pampu namna ile.

Maisha yao sasa. Kati ya 1744 na 1762 hakuna aliyelipwa mshahara, unafanya kazi unapewa chakula, mavazi na malazi, na ziada inakwenda kulisha wamisionari. Hawakuishi kwa familia, waliishi kwa makundi waliyoyaita kwaya, wanaume wasiooa jengo lao, wanawake wasioolewa jengo lao, wajane lao, watoto nao wanalelewa pamoja ili wazazi wawe huru kwa kazi. Ulikuwa ujamaa wa kweli na uliwagharimu, watu walichoka, walitaka nyumba zao na watoto wao mezani kwao. Zinzendorf akafa 1760, kanisa kule Ulaya likajikuta na madeni makubwa, na miaka miwili baadaye mpango mzima ukavunjwa, kila mtu akaanza kujitafutia.

Lakini ardhi haikuvunjwa, hapa ndipo lilipo jibu lako mkuu. Ardhi ilibaki ya kanisa, we unapangishwa kiwanja tu, na kama si Mmoravian huwezi kuwa na nyumba pale. Kwahiyo kwa zaidi ya miaka 80 mingine mji ukabaki umefungwa, mdogo, safi, unajulikana kwa shule yake ya wasichana iliyoanza 1742 na kwa muziki. Mfumo huo ulikuja kufutwa 1844 na mwaka uliofuata Bethlehem ikawa mji wa kawaida chini ya sheria za jimbo. Miaka hiyohiyo kanisa likauza mashamba yake ya kusini mwa mto. Kiwanda chote cha chuma kilikuja kusimama huko kusini. Kanisa lisingeuza yale mashamba, kile kiwanda kingejengwa sehemu nyingine ya bonde.

fundi chuma

Dada hapo juu umeandika vizuri sana na la ardhi nakubaliana nalo moja kwa moja. Ila kama jibu la swali la jamaa lingeishia kwenye ardhi na dini tutakuwa tumesahau makaa.

Angalia ramani. Juu ya ule mto kuna makaa ya mawe magumu yale yanayowaka bila moshi mwingi. Mfereji wa Lehigh ukafunguliwa 1829 kuyateremsha, ukapita hapohapo Bethlehem. Bonde la Saucon jirani tu pana madini ya chuma, na zinki pia ikapatikana. Reli ya Lehigh Valley ya Asa Packer ikafika 1855. Ukishakuwa na makaa, madini, maji na reli mahali pamoja, kiwanda kitakuja tu hata kama wakazi wote ni watawa.

Na kiwanda kilipokuja, aliyekianzisha hakuwa mgeni! Kampuni ya Saucona Iron ya 1857 ilianzishwa na Augustus Wolle, mfanyabiashara Mmoravian wa palepale mjini. Kwahiyo wale wanaosema watu wa dini walikuwa kaskazini wamekaa kimya na wageni wakaja kusini na moshi wao, si kweli. Halafu kuhusu silaha, ule msimamo mkali ulikuwa umelegea tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Nenda Nazareth jirani yao, familia ya Henry, Wamoravian, walikuwa mafundi bunduki baba na mwana, na kiwanda chao cha Boulton pale karibu kikatoa bunduki kwa miongo mingi. Kwahiyo kutoka sala kwenda mizinga hawakuruka ghafla, walishuka ngazi moja moja.

Chuma chenyewe sasa, maana hapa ndo napapenda. Kampuni ilibadili jina ikawa Bethlehem Iron, ikamleta John Fritz 1860, fundi ambaye hakusoma chuo ila alikuwa anaielewa mashine kwa kuitazama inavyotetemeka. Reli za kwanza zikatoka 1863, mwaka 1873 wakaanza kumimina feleji kwa njia ya Bessemer, yaani kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Soko la reli lilipobana, jeshi la majini la Marekani lilikuwa linatafuta wa kulitengenezea mizinga mikubwa na deraya ndani ya nchi, Fritz akajenga karakana ya kufulia vipande vikubwa ambayo nchi nzima ilikuwa haina mfano wake. Ni miaka ya 1880 hiyo. Jibu la neno "mizinga" kwenye swali lako ni hapo mkuu, mteja wa reli alipungua akaja mteja mwenye meli.

Miaka michache baadaye akaja Frederick Taylor na saa yake ya kupimia kazi. Lile jaribio lake maarufu la mbeba chuma aliyekuwa anapakia tani 12 na nusu kwa siku akafikishwa tani 47 lilifanyika kwenye uwanja wa kiwanda hiki, 1899. Kila mwanafunzi wa uongozi anasomeshwa habari hiyo na wengi hawajui ilitokea wapi.

Halafu Charles Schwab. Aliwahi kuiongoza U.S. Steel, akatoka, akaunda Bethlehem Steel Corporation 1904 na akaweka karibu mali yake yote kwenye wazo la Henry Grey. Zamani ukitaka boriti kubwa ya umbo la H ulikuwa unachukua mabamba na pembe unazipigilia rivet moja moja, kazi ndefu na boriti nzito bila sababu. Mashine ya Grey ilikuwa inalibana pande la feleji lililo jekundu kwa rola za juu, chini na pembeni kwa mara moja, linatoka boriti nzima isiyo na kiungo hata kimoja, nyepesi zaidi na bei nafuu. Kuanzia 1908 boriti hizo ndizo zikawezesha maghorofa marefu ya New York. Chuma cha jengo la Chrysler ni chao, daraja la Golden Gate ni lao pia. Wakati wa Vita ya Pili kampuni ilikuwa na watu karibu 300,000 kwenye viwanda na bandari zake zote, na mwaka 1943 peke yake walitoa meli 380, zaidi ya moja kwa siku.

mpenda_ramani

Aisee nashukuruni sana, hili la Wolle na la bunduki za Nazareth sikuwahi kulisikia popote. Kwahiyo hakuna mpasuko kama nilivyodhani. Ila bado hamjanijibu la wafanyakazi, nani alikuwa anasimama mbele ya lile tanuru? Fritz na Schwab tumewasikia.

mgeni_wa_Lehigh

Hilo nijibu mimi, nilisoma chuo bonde lile na nyumba niliyopanga ilikuwa upande wa kusini, mwenye nyumba wangu alikuwa mstaafu wa kiwanda.

Ukitembea mitaa ya kusini utaona makanisa yamebanana, la Wahungaria, la Waslovakia, la Wapoland, la Waslovenia, la Waitalia, kila kundi lilipofika lilijenga lake. Hao ndo walisimama mbele ya tanuru. Mwaka 1923 kampuni ikaleta mamia ya Wameksiko kwa treni kufanya kazi kwenye oveni za kupikia makaa, kazi yenye joto na gesi kuliko zote, na baada ya Vita ya Pili wakaja Wapuerto Rico. Kaskazini ya mto ni mawe ya Wamoravian na miti, kusini ni masizi. Mpaka 1917 hata kiserikali ilikuwa miji miwili tofauti, ndo ikaunganishwa mwaka huo.

Sasa sikiliza hii. Februari 1910 mafundi mitambo walilalamika kulazimishwa kufanya kazi Jumapili. Watu watatu waliokwenda kulipeleka lalamiko wakafukuzwa, wenzao wakatoka nje, maelfu wakawafuata. Schwab akaita polisi wa jimbo, wale wa farasi, wakapiga watu virungu mitaani na mfanyakazi mmoja akauawa kwa risasi. Mgomo ulidumu siku 108 na ukashindwa. Ila serikali kuu ilituma wachunguzi na ripoti yao ikatikisa nchi, zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa kwenye zamu za saa 12, na zaidi ya robo walikuwa hawana siku ya kupumzika kwenye wiki. Baraza la makanisa la Marekani nalo likafanya uchunguzi wake likadai kila mfanyakazi apewe siku moja kati ya saba, na likawasema wachungaji wa pale kwa kutosimama na watu wao. Mimi hili linaniuma mpaka leo, mji ulioanzishwa na watu walioacha makwao ili wasali kwa uhuru, unafika mahali mtu anafukuzwa kwa kuomba Jumapili yake.

Chama cha wafanyakazi kilikuja kukubalika baada ya mgomo mwingine wa 1941, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Wakati huo wote mabosi wanakula vizuri, Eugene Grace aliyemfuata Schwab alipata bonasi ya zaidi ya dola milioni 1.6 kwa mwaka 1929 pekee.

Kalamu Butu

Naomba niongeze kitu ambacho naona thread nzima imekiruka, ardhi ile kabla ya kanisa ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Walenape, wenyeji wa asili wa eneo lile. Mwaka 1737, miaka minne tu kabla Wamoravian hawajanunua, wana wa William Penn walitoa karatasi ya zamani wakidai Walenape walikubali kuuza ardhi ya umbali ambao mtu anaweza kutembea kwa siku moja na nusu. Wakaajiri wakimbiaji watatu, wakawasafishia njia msituni kabla, mmoja akafika zaidi ya kilomita 95. Walenape wakapoteza eneo lote hilo na ndani yake ndo bonde la Lehigh. Wamoravian hawakuufanya ule udanganyifu lakini walijenga juu ya matokeo yake.

Walichofanya tofauti ni kwamba walijifunza lugha, walibatiza, waliishi vijiji vimoja na Walenape walioamini. Hilo likawafanya wachukiwe na pande zote. Novemba 1755 kituo chao cha Gnadenhütten juu ya mto kilivamiwa na wapiganaji wenyeji wa asili walioungana na Wafaransa, wamisionari wakauawa, na Bethlehem yenyewe ikazungushiwa boma la magogo na walinzi. Miaka 26 hivi baadaye, Machi 1782, kwenye kijiji kingine cha jina hilohilo kule Ohio, wanamgambo Wazungu kutoka Pennsylvania waliwaua Walenape Wakristo 96, wengi wanawake na watoto, waliokuwa hawana silaha na walikesha usiku mzima wakiimba na kusali wakisubiri asubuhi.

Na tusisahau kwamba kanisa lilikuwa na watumwa Waafrika palepale Bethlehem. Walisali benchi moja na wengine, walizikwa kwenye makaburi yaleyale ya Shamba la Mungu, lakini kwa sheria walikuwa mali. Ukienda pale makaburini leo mawe yote yamelazwa bapa chini, ukubwa unakaribiana, hakuna sanamu wala mnara, watu wamepangwa kwa zile kwaya zao na siyo kwa ukoo, Mlenape jirani na Mjerumani jirani na Mwafrika. Usawa wao ulikuwa wa kweli na mipaka yake ilikuwa ya kweli, ukiandika historia ya mji huu lazima uviweke vyote viwili.

fundi chuma

Kalamu Butu asante sana kwa hilo, lilikuwa linahitajika.

Nimalizie upande wa kiwanda maana jamaa alitaka hadithi nzima. Watu wanapenda kusema kiliuawa na chuma cha Japani. Hicho ni kipande tu. Mgomo wa nchi nzima wa 1959 ulidumu siku 116 na wanunuzi wakajifunza kununua nje, hapo sawa. Lakini kampuni yenyewe iliganda, ilichelewa kuacha matanuru ya zamani, ikaruhusu viwanda vidogo vinavyoyeyusha vyuma chakavu kwa umeme kuanza kutoa boriti zilezile za H kwa bei ya chini. Na pesa ilikwenda wapi? Mwaka 1972 wakafungua makao makuu ya ghorofa 21, Martin Tower, wamelijenga kwa umbo la msalaba ili kila ghorofa iwe na ofisi nyingi za pembeni kwa ajili ya wakubwa. Miaka mitano baadaye wakaanza kupunguza watu kwa maelfu.

Tanuru la Bethlehem lilizimwa Novemba 1995. Kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi Oktoba 2001. Martin Tower ikalipuliwa kwa baruti Mei 2019.

mgeni_wa_Lehigh

Hapo katikati umeruka pensheni mkuu. Mwishoni mwa 2002 shirika la serikali la bima ya pensheni likachukua mzigo wa watu wapatao 95,000, mfuko ulikuwa na upungufu wa mabilioni ya dola, na Machi 2003 wastaafu wakakatiwa bima ya afya. Mtu kafanya kazi miaka 35 kwenye oveni za makaa, mapafu yameharibika, anaambiwa bima imeisha. Mwenye nyumba wangu alikuwa kwenye orodha hiyo. Alikuwa ananionyesha yale matanuru kutoka dirishani anataja kila moja kwa herufi yake, A, B, C, kama mtu anayetaja majina ya wenzake.

Yenyewe bado yamesimama, marefu karibu mita 70, chini yake pana jukwaa la muziki tangu 2011, na ile reli ya juu iliyokuwa inapeleka madini sasa ni njia ya kutembea kwa miguu. Sehemu ya uwanja ikawa kasino 2009. Watu wa pale waligawanyika sana kuhusu kasino, makanisa mengi yalipinga, ila wengine walisema bora taa ziwake kuliko kutu.

mpenda_ramani

Nimeelewa sasa kuliko vitabu vyote nilivyopitia. Swali la mwisho tu, hao Wamoravian wenyewe bado wapo pale au wamebaki kwenye majengo tu?

Bi Msomaji

Wapo, kanisa la kati linaendelea na ibada na ile shule ya 1742 imekuwa chuo kikuu. Julai 2024 majengo yao yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na Herrnhut ya Ujerumani na Gracehill ya Ireland Kaskazini, yakaungana na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia 2015.

Na kama unataka kujua pande mbili za mto ziliwahi kukutana wapi, tafuta habari za Kwaya ya Bach ya Bethlehem. Iliundwa 1898 na J. Fred Wolle, mpiga kinanda wa kanisa lile, ndiyo ukoo huohuo wa Wolle, na Machi 1900 wakaimba Misa ya B minor ya Bach yote kwa mara ya kwanza Marekani. Baadaye kwaya ikakwama, na aliyetoa pesa kuiinua tena ni Charles Schwab, yuleyule aliyeita polisi wa farasi. Bado wanaimba hiyo Misa kila mwaka mwezi Mei.